Giaboksi, Oili na Kipumulio: Historia Fupi ya Maneno ya Ufundi katika Njia ya Tunduma

Makala haya yanahusu maneno matatu ambayo fundi wa pikipiki huyahitaji kila siku: giaboksi, oili, na jina la ule mpira mdogo unaotoka juu ya giaboksi ili kuiwezesha kupumua. Maneno mawili ya kwanza yamekwisha kukaa katika Kiswahili. La tatu bado halijatulia. Nia yetu ni kueleza maneno ya namna hii yalivyotufikia, hasa katika njia iendayo Tunduma, na kuonyesha kwamba historia hiyo ina fundisho kwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali anayetakiwa leo kuandika mwongozo wa matengenezo au mtihani wa ufundi kwa Kiswahili. Jina baya la kifaa halimkeri msomaji tu. Laweza pia kumfanya aharibu mashine ambayo ndiyo riziki yake.

Njia na mizigo yake

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 baada ya nusu ya karne ya kukua kwa biashara ya mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchini Zambia. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, nao uliwakata Wanyamwanga sehemu mbili.

Mji huu ulipata umuhimu mpya kuanzia tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa upande mmoja. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta na bidhaa zake kwa njia ya kusini, ilijikuta imefungiwa. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma na kuendelea. Barabara ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, yenye vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, hata wageni wakaiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Mwaka 1966 ilianzishwa kampuni ya uchukuzi ya pamoja ya Tanzania na Zambia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lilianza kazi kati ya Dar es Salaam na Ndola. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976, ikiwa na urefu wa kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi.

Mambo haya ni ya historia ya uchumi, lakini ni ya historia ya lugha pia. Lori likivunjika ekseli katikati ya pori, dereva, taniboi na fundi hawana budi kuelewana papo hapo, hata kama mmoja ni Mnyiha, wa pili ni Mbena na wa tatu ni Mbemba. Kiswahili ndicho kilichotumika mara nyingi, na majina ya vyuma yakachukuliwa kama yalivyosikika: ekseli, springi, klachi, breki, pistoni, silinda, plagi, kabureta, giaboksi. Hakuna kamati iliyoketi kuyaamua. Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe liliundwa kwa sheria mwaka 1967, wakati malori yalikwisha kuwa njiani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981. Kwa hiyo wanaleksikografia walikuta maneno mengi ya gari yamekwisha kupata matamshi na ngeli zake barabarani.

Nomino za kigeni, vitenzi vya kwetu

Kiswahili hakikuanza kukopa au kubuni maneno ya vyombo vya safari siku ya kuja motokaa. Mabaharia wa pwani walikuwa na usukani wa chombo, na neno hilo likahamia kwenye gari bila taabu, kwa kuwa kazi ni ile ile ya kuelekeza chombo. Rubani, aliyekuwa akiongoza merikebu, akapanda ndege. Abiria na shehena nao walishuka majini wakaingia katika mabasi na malori. Mahali ambapo kazi ya kifaa ilifanana na kazi iliyojulikana, neno la zamani lilitosha.

Giaboksi haikuwa na mfano wake katika jahazi. Neno lenyewe limejengwa kwa mpangilio wa Kiingereza, ambapo kinachofafanua hutangulia kinachofafanuliwa. Kama lingejengwa kwa sarufi yetu tungepata boksi la gia au sanduku la gia. Hata hivyo wasemaji hawakulichukua kama maneno mawili. Walilichukua zima, wakalimalizia kwa irabu, wakaliweka katika ngeli ya N: giaboksi hii, giaboksi hizi. Neno gia nalo likapanuka likabeba maana tatu: magurudumu yenye meno, mkono au pedali ya kuyabadilishia, na hatua ya mwendo, kama tusemavyo gia ya kwanza na gia ya pili.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni vitenzi. Fundi husema kuingiza gia, kukanyaga klachi, kufunga breki, kumwaga oili, kukaza nati. Husema klachi inateleza, sili inavuja, injini inachemka, gia inakwama. Nomino karibu zote ni za kukopa, ilhali vitenzi karibu vyote ni vya kwetu. Nomino iliyokopwa inaonyesha kifaa kilikotoka. Kitenzi ndicho kinachosema kifaa kinafanya nini na kinaugua vipi. Mwanafunzi asiyejua asili ya neno klachi hapotezi kitu, mradi anajua kwamba klachi hukamata, huachia na huteleza. Basi hatari haiko katika kukopa. Hatari iko pale ambapo jina, liwe la kukopa au la kutungwa, halina kitenzi kinachoandamana nalo, au lina kitenzi kisicho chake.

Mafuta, oili na vilainishi

Neno mafuta ni pana mno katika Kiswahili. Lahusu samli ya mnyama, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, petroli na dizeli. Hata jina la lile bomba tulilolitaja limetokana na Tanzania, Zambia na Mafuta. Bomba hilo lilipitisha mafuta ghafi kwa miongo kadhaa, na mwaka 2023 likageuzwa kupitisha dizeli, wala jina halikuhitaji kubadilishwa, kwa sababu mafuta ni yote mawili.

Upana huo haufai katika gereji. Mtu akiambiwa atie mafuta kwenye pikipiki, atatia petroli. Ndiyo maana oili, neno la kukopa, lilishika haraka: lilitenganisha kinacholainisha na kinachoungua. Kukopa huku kuliifaa lugha, maana kulileta tofauti ambayo neno la zamani halikuwa nayo. Siku hizi maandishi ya serikali yana neno la tatu, vilainishi, lililoundwa kutokana na kitenzi kulainisha. Nalo ni zuri, kwa kuwa linataja kazi, na linajumuisha oili na grisi pamoja. Maneno haya matatu hayashindani. Mafuta yabaki kwa kinachoungua, oili kwa kilainishi cha majimaji, na vilainishi kwa jamii nzima.

Lakini neno oili peke yake bado halitoshi. Wakazi wa Songwe wanajua kwamba jina hilo la mkoa ni la mito miwili: mmoja hutiririka kuelekea Ziwa Rukwa, na mwingine hufuata mpaka wa Malawi na kuingia Ziwa Nyasa. Anayesema Songwe bila kueleza ni upi anaweza kumpeleka msafiri upande usio wake. Oili nayo ina mikondo yake.

Katika pikipiki nyingi za bodaboda, zenye injini ya mipigo minne ya sentimeta za ujazo kati ya 100 na 150, oili ni moja tu. Inalainisha pistoni, inapita katika klachi na kuoga magurudumu ya gia, yote ndani ya nyumba moja. Oili hiyo lazima itimize masharti mawili yanayopingana: ipunguze msuguano kwenye vyuma vinavyosuguana, lakini isiziache pleti za klachi ziteleze. Baadhi ya oili za motokaa zimetiwa dawa za kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Zikitiwa katika pikipiki ya namna hii, klachi huweza kuteleza wakati wa kupanda mlima na mzigo. Kwa sababu hiyo mamlaka ya viwango vya magari ya Japani ilitoa mwaka 1998 kiwango cha JASO cha oili za pikipiki za mipigo minne. Alama MA ni ya pikipiki ambazo klachi yake huoga katika oili ya injini, na alama MB ni ya zile zisizohitaji msuguano huo, kama skuta nyingi.

Pikipiki za mipigo miwili, zilizokuwa nyingi katika miaka ya 1970 na 1980, zilikuwa na mpango mwingine. Oili ya injini ilichanganywa na petroli ikaungua nayo, na giaboksi ikawa na oili yake peke yake. Hali kadhalika, pikipiki kubwa zinazozungushwa kwa shafti badala ya mnyororo mara nyingi huwa na giaboksi iliyotengwa na injini, na chombo cha mizigo cha magurudumu matatu chenye shafti huwa na difu nyuma yenye oili yake. Hapo ndipo oili ya gia inapohitajika kwa jina lake kamili. Nayo pia si moja. Oili za daraja GL-5 zina dawa nyingi zaidi za kuzuia meno ya gia kukwanguana chini ya shinikizo kubwa, na baadhi yake zinaweza kuila shaba iliyomo katika giaboksi fulani. Kwa hiyo giaboksi iliyotengenezewa GL-4 isitiwe GL-5 kwa kudhani kwamba tarakimu kubwa ni ubora mkubwa.

Tarakimu zenyewe zina mtego. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiitwacho SAE kwa kifupi, kilianza kupanga oili kwa namba mwaka 1911. Leo oili za injini zina ngazi yake ya namba, na oili za gia zina ngazi nyingine. Mfasiri akiona namba 40 kwenye oili ya injini na namba 90 kwenye oili ya gia, atadhani ya pili ni nzito zaidi ya maradufu. Sivyo. Katika joto la sentigredi 100, oili ya gia ya namba 90 ina mnato unaokaribiana na ule wa oili ya injini ya namba 40 au 50. Namba hizo ni za mizani mbili tofauti.

Hapa pia lugha ina kazi. Fundi husema oili nzito na oili nyepesi, na kila mtu gerejini anamwelewa. Mwalimu wa fizikia atapinga, kwa kuwa uzito ni jambo jingine: lita moja ya oili iitwayo nzito hupima kilo karibu sawa na lita ya ile iitwayo nyepesi. Neno la kitaalamu ni mnato, yaani ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Ushauri wetu ni kwamba vitabu vitumie mnato, lakini katika ukurasa wa kwanza vimkumbushe msomaji kwamba ndiyo sifa ile aiitayo uzito wa oili. Istilahi isiyojenga daraja hadi kwenye neno la fundi hubaki kitabuni.

Giaboksi inavyopumua

Sasa tufike kwenye kifaa kisicho na jina lililotulia. Ndani ya giaboksi kuna oili na hewa. Pikipiki ikitembea, gia hupata joto, na hewa iliyofungiwa hutaka kutanuka. Kama joto likipanda kutoka sentigredi 20 hadi 90 na hewa haina pa kutokea, shinikizo lake hupanda kwa karibu robo ya lile la mwanzo. Shinikizo hilo husukuma oili kwenye sili, nazo huvuja. Ndiyo sababu mtengenezaji huacha tundu dogo sehemu ya juu, na katika pikipiki nyingi huliunganisha na mpira. Katika bodaboda za mipigo minne, ambazo injini na giaboksi ni nyumba moja, mpira huo mara nyingi huelekezwa kwenye boksi la chujio la hewa.

Pumzi hiyo huenda pande zote mbili. Giaboksi yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji, kama vile wakati wa kuvuka kijito au barabara iliyofurika wakati wa masika, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa. Giaboksi huvuta pumzi. Ikiwa mdomo wa mpira umezama, huvuta maji. Oili iliyochanganyika na maji hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, na haiwezi tena kulinda gia na beringi ipasavyo.

Kwa hiyo mpira huo upitishwe kwa utaratibu. Upande juu kutoka kwenye giaboksi, uende mbali na ekzosi na mnyororo, ufungwe kwenye fremu bila kubanwa, wala usikunjwe pembe kali inayoziba njia. Mdomo wake uishie juu ya kina cha maji yanayotarajiwa, ukitazama chini ili mvua na vumbi visiingie, au uishie mahali penye chujio kama mtengenezaji alivyoagiza. Kila oili inapobadilishwa, mpira uchunguzwe kama umezibwa na tope au kiota cha mdudu.

Mtu ataitaje kifaa hiki? Wafasiri wengine wangeandika tundu la hewa. Jina hilo halina kitenzi. Halimwambii msomaji kama hewa yaingia, yatoka, au yakaa tu. Akiona tone la oili kwenye mdomo wa mpira, anaweza kudhani ni uvujaji na kuuziba kwa kijiti. Siku chache baadaye sili zitaanza kuvuja, naye atanunua sili mpya, na mpya nazo zitavuja. Chanzo cha hasara yake ni jina lisilosema kazi. Wengine wangeandika bomba la kutolea hewa. Hilo lina kitenzi, lakini ni nusu ya ukweli, kwa kuwa linasahau pumzi ya kuingia, ambayo ndiyo inayoleta maji.

Kitenzi kinachofaa ni kupumua, chenye maana ya kutoa na kuvuta kwa zamu. Kutokana nacho twaweza kupata kipumulio, kwa kanuni ile ile iliyotupa kifungio kutokana na kufungia. Mpira wake utaitwa mpira wa kipumulio. Ipo hoja kwamba msomaji anaweza kufikiri juu ya kifaa cha mgonjwa hospitalini. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ni kumtaja mwenye kifaa kila mara: kipumulio cha giaboksi, kipumulio cha difu, kipumulio cha injini. Pale ambapo wasomaji ni mafundi wasiozoea neno jipya, mpira wa kupumulia wa giaboksi ni maelezo ya kutosha.

Mambo matatu kwa wafasiri

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria, nalo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Tanzania iliweka kanuni za pikipiki za abiria mwaka 2010, na neno hilo leo liko Tunduma, mpaka mwingine kabisa. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilizinduliwa Tunduma na Nakonde, na mwaka huohuo Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mojawapo. Maneno yataendelea kuvuka, na maandishi ya Kiswahili juu ya mashine yataongezeka. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, neno lililokopwa na kukaa, kama giaboksi au oili, lisiondolewe kwa sababu ya ugeni wake tu. Liulizwe kama linatenganisha vitu vinavyopaswa kutenganishwa.

Pili, kifaa kisicho na jina kipewe jina linalotokana na kitenzi cha kazi yake, na mfasiri ahakikishe kwamba kitenzi hicho ni kamili. Kabla ya kuandika, amwendee fundi amwulize kifaa kinafanya nini na kikiharibika huwaje. Jibu la fundi litakuwa na kitenzi ndani yake.

Tatu, jina la jumla lisitumike mahali panapohitaji jina mahsusi. Mwongozo usiseme tia oili. Useme tia oili ya injini ya pikipiki yenye alama MA, au tia oili ya gia ya daraja lililoandikwa na mtengenezaji. Mwendesha bodaboda wa Vwawa au Tunduma ambaye pikipiki yake ni ya mkataba, na anayepaswa kupeleka hesabu kila jioni, hana fedha ya kununua klachi mara mbili kwa kosa la mfasiri.